Mama anapougua nawe uko mbali, nani mdhamini wake?

Nazungumza na wewe uliye mbali na nyumbani kwa sababu ya kazi, huku nyumbani kuna mtu anaumwa. Nazungumza pia na wewe uliyebaki, unayemuuguza mzazi ambaye watoto wake wengine wako mbali. Ukiwa na Biblia karibu, fungua kitabu cha Mwanzo sura ya 43 na ya 44. Tutazirudia.

Ili tuelewane vizuri, nimechagua kazi moja tuitumie kama mfano: kazi ya mikopo midogo midogo. Mfikirie kijana aliyezaliwa Laela au Mpui, katika nyanda za juu za Ufipa. Amesoma, amepata ajira, na sasa ni afisa mikopo katika nchi jirani, tuseme Lusaka, Zambia. Jumatatu asubuhi ameketi na kikundi cha akina mama wa sokoni, daftari liko mezani, wanahesabu marejesho ya wiki. Simu inatetemeka. Ni dada yake. Mama ameamka upande mmoja wa mwili hauna nguvu, amepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Kijana anajibu kwa sauti ya chini, "Nitapiga baadaye," kisha anaendelea kuhesabu fedha za watu.

Labda kijana huyo ni wewe. Labda hufanyi kazi ya mikopo. Wewe ni dereva wa malori, ni mtumishi wa ndani Oman, ni muuguzi Uingereza, au ni mwalimu tu wilaya nyingine. Lakini simu ya namna hiyo unaijua.

Kazi ya kudhaminiana

Nimechagua kazi hii kwa sababu msingi wake ni dhamana. Maskini hana hati ya nyumba ya kupeleka benki, wala hana mshahara wa kukatwa. Alicho nacho ni watu wanaomfahamu. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyoanza rasmi kuwa benki mwaka 1983, iliwakopesha wanawake wa vijijini kupitia vikundi vidogo vya watu 5 wanaojuana. Mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake, Muhammad Yunus, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka huohuo shirika lingine la Bangladesh, BRAC, lilianza kazi hapa Tanzania na Uganda, na baadhi ya wafanyakazi wake wa mwanzo walitoka huko kwao Bangladesh. Nao walikuwa na wazazi. Nao walipigiwa simu usiku. Kwa hiyo jambo hili si la Wafipa peke yao wala si la Watanzania peke yao.

Sisi wenyewe tunazijua VICOBA. Tunalijua sanduku lenye kufuli tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Tunajua kununua hisa, tunajua siku ya kugawana. Na katika vikundi vingi kuna mfuko wa jamii, ule wa kumsaidia mwanachama akipata ugonjwa au msiba. Waliouanzisha walikuwa na hekima. Walijua kwamba kinachomwangusha mkopaji mara nyingi si uvivu. Ni mtoto aliyelazwa. Ni mume aliyevunjika mguu. Mtaji wa nyanya na dagaa unageuka kuwa nauli, vipimo na dawa, na siku ya rejesho mkono ni mtupu.

Afisa mikopo anayajua haya kuliko mtu yeyote. Kila wiki anawauliza wanakikundi, "Huyu akishindwa, nani atasimama badala yake?" Na wanajibu, "Sisi." Sasa mama yake yuko wodini Sumbawanga. Swali alilozoea kuwauliza wengine limemgeukia yeye: huyu mama, nani mdhamini wake?

Yuda mbele ya baba mzee

Turudi kwenye Mwanzo. Njaa imeshika nchi ya Kanaani. Watoto wa Yakobo wanasafiri kwenda Misri kutafuta chakula, kama vijana wetu wanavyovuka Tunduma kutafuta riziki. Nyumbani wamemwacha mzee aliyechoka, aliyekwisha kumpoteza Yusufu na sasa anaogopa kumpoteza Benyamini. Safari ya pili inakuja na sharti gumu: lazima Benyamini aende. Mzee anakataa. Ndipo Yuda anasimama mbele ya baba yake na kujitoa awe mdhamini wa mdogo wake. Anasema kijana adaiwe mkononi mwake, na asipomrudisha, lawama iwe juu yake siku zote (Mwanzo 43:8-9).

Hayo ni maneno, na maneno kila mtu anayaweza. Dhamana inapimwa siku ya kudaiwa. Katika sura ya 44 siku hiyo inafika. Kikombe kinaonekana ndani ya gunia la Benyamini, na mtawala wa Misri anataka kumfanya mtumwa. Yuda anasogea mbele. Hatoi fedha, ingawa fedha alikuwa nayo. Anajitoa mwenyewe abaki utumwani, kijana arudi nyumbani. Na sababu anayoitoa ni afya ya baba yake: mzee asipomwona kijana, atakufa kwa huzuni (Mwanzo 44:30-34).

Mpendwa, tusisahau Yuda huyu ni nani. Ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu kwa vipande vya fedha (Mwanzo 37:26-27). Siku ile aliweka bei juu ya ndugu yake. Miaka imepita, Mungu amemfundisha, na sasa amejua kwamba kuna deni lisilolipwa kwa fedha. Linalipwa kwa mtu kujitoa. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: fedha unayotuma nyumbani ni sehemu ya upendo, lakini dhamana ya mzazi ni wewe mwenyewe.

Fedha ikifika, je, umemaliza?

Sitaki mtu yeyote adharau fedha inayotumwa. Mgonjwa wa kiharusi akihamishwa kutoka Sumbawanga kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ni safari ya kilomita zaidi ya 300, na msindikizaji anahitaji kula na kulala. Akiwa na saratani, huenda akaelekezwa Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Maombi bila nauli hayamfikishi mgonjwa huko. Aliye mbali na anatuma kila mwezi, huku yeye mwenyewe analala kwenye chumba kimoja cha kupanga, huyo anabeba msalaba. Abarikiwe.

Lakini Bwana Yesu alitupa onyo katika Marko 7:9-13. Aliwakemea watu waliotumia neno la ibada, korbani, kuwanyima wazazi wao. Mali ambayo ingemsaidia baba au mama ilitangazwa kuwa imewekwa wakfu, na mtoto akajiona hadaiwi tena. Leo korbani yetu inaweza kuwa kazi. "Niko bize." "Huku ruhusa ngumu." "Nimeshatuma." Neno "nimeshatuma" linaweza kuwa la upendo, na linaweza kuwa kufuli ya kufungia mlango ili tusisikie zaidi.

Maana fedha ikishatolewa kwa wakala, kuna mtu anayepaswa kuibeba. Mara nyingi ni dada mmoja. Anaamka saa kumi alfajiri kupika uji wa ulezi, anaupeleka wodini, anamgeuza mama asipate vidonda vya mgongo, anamwosha, anafua mashuka, anasimama kwenye foleni ya dawa, na usiku analala juu ya kanga sakafuni. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mama akiugua Desemba, dada huyo anaacha shamba lake la mahindi na maharage bila kupaliliwa, na Juni hana cha kuvuna. Hasara hiyo haionekani kwenye ujumbe wa simu. Hakuna aliyeiandika. Nawe ukipiga, swali lako la kwanza ni, "Ile laki mbili imetumikaje?"

Ndugu yangu, umemkagua dada yako kama afisa anavyomkagua mkopaji. Dada huyu hakukukopa. Ni mdhamini mwenzako, naye ameshalipa zaidi yako.

Basi fanya haya. Ukipiga simu, muulize kwanza yeye amelalaje. Tuma ya mgonjwa, kisha tuma ya anayeuguza, tena iseme wazi kuwa ni yake: ya sabuni, ya kibarua wa kumpalilia shamba, ya kununua nguo. Zungumza na daktari mwenyewe kwa simu, ili uamuzi mzito usimwangukie dada peke yake. Omba likizo yako ya mwaka uipangie kumuuguza mama, ukampokee dada zamu japo wiki 2, alale kitandani kwake. Kabla ugonjwa haujaja, lipia bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Wengi wetu tumetumia zaidi ya hizo kwenye sare ya sherehe moja.

Daktari aliyetoka mbali

Mjini Sumbawanga kuna hospitali iitwayo Dkt. Atiman. Wengi wanalitaja jina hilo kila siku bila kumjua mwenyewe. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadri Weupe, walimkomboa, wakamsomesha, na akajifunza udaktari kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, eneo ambalo leo liko Mkoa wa Katavi. Akawa daktari na katekista. Alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 ya kutibu watu wa nchi isiyokuwa yake.

Fikiri kidogo. Mtu huyu aliporwa mikononi mwa wazazi wake. Hakupewa nafasi ya kumshika mkono mama yake anapougua. Angeweza kuwa na uchungu maisha yake yote. Badala yake aliwashika mikono wazazi wa watu wengine. Mabibi na mababu wa nchi ile walitibiwa na mtoto wa mwanamke wa mbali ambaye hawakumjua kamwe.

Hapa kuna faraja kwako uliye ugenini, na kuna wajibu pia. Faraja ni kwamba leo, wakati wewe hupo, kuna muuguzi Sumbawanga anayemgeuza mama yako, na huenda mama yake huyo muuguzi yuko Bukoba au Mtwara. Wajibu ni kwamba mbele ya meza yako, hapo ulipo, ameketi mama wa mtu mwingine. Amekosa rejesho la wiki hii kwa sababu mtoto wake amelazwa. Utamfanyaje? Nchini kwetu watu wameibatiza mikopo ya namna fulani jina la "kausha damu", na hawakukosea. Kuna mama aliyebebewa godoro, kuna aliyechukuliwa sufuria zikiwa bado na moto. Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kuuchukua uhai wa mtu, na iliagiza nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijazama ili apate cha kujifunika (Kumbukumbu la Torati 24:6, 12-13). Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ililetwa ili biashara hii iwe na utaratibu, lakini huruma hailetwi na sheria. Italetwa na afisa anayekumbuka kwamba na yeye ana mama wodini. Mpe muda. Panga upya marejesho yake pale utaratibu wa ofisi unaporuhusu. Mtetee mbele ya meneja wako. Unavyomtendea huyo, ndivyo unavyomwomba Mungu amtendee mama yako.

Usisubiri jeneza

Kuna jambo moja linaloniumiza katika jamii yetu. Mzazi akiugua, michango inatoka kwa shida. Akifa, ndani ya siku mbili kuna kamati, kuna turubai, kuna jeneza la bei, kuna basi la kukodi, na watoto waliokosa nauli mwaka mzima wote wamefika. Fedha ilikuwapo. Ruhusa ilikuwapo. Tuliviweka akiba kwa ajili ya maiti.

Kutoka Lusaka hadi mpakani Nakonde na Tunduma ni takribani kilomita 1,000, na ukishavuka zinabaki zaidi ya 200 kufika Sumbawanga. Ni mbali kweli. Lakini umbali huohuo utausafiri siku ya msiba. Basi usafiri sasa, wakati mama bado anaweza kukutambua kwa sauti, akuulize umekula nini njiani. Kama una safari moja tu mwaka huu, usiitunze kwa ajili ya kaburi.

Na ikiwa umechelewa, sikia Injili ya Yohana sura ya 11. Lazaro aliumwa, dada zake wakatuma habari kwa Yesu aliyekuwa mbali. Alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Martha alimwambia, na Mariamu akarudia, kwamba kama angekuwapo ndugu yao asingekufa. Maneno hayo yameambiwa watoto wengi walioshuka kwenye basi wakakuta matanga. Yesu hakuwakemea wale dada kwa uchungu wao. Alilia pamoja nao. Kwa hiyo wewe uliyefika umechelewa bila kupenda, unaye Bwana anayeijua hata sentensi hiyo. Lilia mikononi mwake.

Nanyi mlio nyumbani, nina maneno mawili kwenu. La kwanza, semeni ukweli. Msimfiche aliye mbali hadi hali iwe mbaya kwa kisingizio cha kutomvuruga kazini, wala msikuze ugonjwa ili fedha iongezeke. Yote mawili yanaua uaminifu, na bila uaminifu hakuna dhamana. La pili, acheni maneno ya uchawi. Kuna nyumba ambazo mama akiugua na mtoto ana kazi nzuri ugenini, majirani wananong'ona kwamba amemtoa mama yake ili apate mali. Wazee wetu wanasimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi tuutupe kweli. Kiharusi, kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa, yanapimwa na yanatibiwa. Mtoto anayeogopa kurudi nyumbani kwa sababu ya minong'ono ni mtoto mliyemfukuza wenyewe.

Tumalizie msalabani. Yesu akiwa katika maumivu ya mwisho alimwona mama yake amesimama chini. Hakuweza kushuka amshike. Hakuwa na fedha ya kumwachia, hata nguo zake zilikuwa zimegawanywa. Alichofanya ni kumkabidhi mama kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26-27). Bwana wetu hakumwacha mama yake bila mdhamini aliyekabidhiwa wazi mbele yake.

Hilo ndilo nakuomba wiki hii. Kama huwezi kuwapo, usiache jambo likae hewani. Zungumzeni ninyi ndugu, mkubaliane nani yuko na mama mwezi huu, nani anampokea mwezi ujao, nani analipa, nani anazungumza na madaktari. Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya maombi, jiandikisheni katika orodha hiyo: usiku mmoja wodini kwa kila familia unampa yule dada usingizi wa wiki. Hatuna haja ya kufundishwa upya. Sanduku letu la VICOBA limetufundisha kwamba ufunguo mmoja haulifungui.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uwaangalie wazazi wetu wanaoumwa nasi tuko mbali. Uwape nguvu wanaowauguza, utusamehe pale tulipotuma fedha tukajificha wenyewe, na utufungulie njia ya kufika mapema. Utufanye tuwatendee wazazi wa wenzetu kama tunavyotaka wetu watendewe. Kwa jina la Yesu Kristo aliyejifanya mdhamini wetu. Amina.

Nakutakia Jumapili njema. Ukitoka ibadani, piga simu nyumbani, na uanze na dada.